Ploti ya jirani inageuzwa kuwa ya biashara na tuna siku 14 za kupinga: tuanzie wapi?

Mkaazi_Lavington

Hamjambo wote. Naomba ushauri wa wanaoyajua mambo ya mipango miji, hasa hapa Nairobi.

Kuna bango limefungwa kwenye geti la ploti ya tatu kutoka kwetu, na tangazo lilo hilo limetoka gazetini Jumatatu. Mwenye ploti anaomba kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka nyumba moja ya makazi hadi ofisi na mkahawa. Ploti ni nusu ekari, yaani karibu mita mraba 2,000. Barabara yetu ni ya ndani na haitokei upande wa pili. Lami yake ni mita tano na nusu hivi. Upande wetu haujafikiwa na bomba la majitaka, kwa hivyo kila boma lina septiki yake. Mwisho wa barabara kuna shule ya chekechea.

Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kila mtu ana lake. Mmoja anataka tukusanye saini 200, mwingine anataka twende kortini kesho asubuhi, na wa tatu anasema tumngoje MCA, mwakilishi wetu wa wadi. Pingamizi hupelekwa wapi hasa, na huandikwa nini ndani yake ili isitupwe kando?

---

Mipango_Miji

Jirani, andika tarehe ya gazeti mahali kabla ya jambo lingine lolote. Siku 14 zinahesabiwa tangu tangazo lilipotoka. Hesabu Jumamosi na Jumapili humo humo, usije ukabishana na karani siku ya kumi na tano.

Kisha piga picha ya bango zima, na nyingine ya karibu inayoonyesha namba ya ardhi, ile LR. Linganisha namba ya bangoni na ya gazetini. Ikitofautiana tarakimu moja, au bango likiwa limefungwa ndani ya geti ambapo mpita njia hawezi kulisoma, hiyo tayari ni hoja. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mwombaji aujulishe umma na aualike kutoa pingamizi. Bango lisilosomeka halijamjulisha mtu.

Halafu mwelewe kinachoombwa. Vibali ni vitatu na watu huvichanganya. Kuna kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi, kuna kibali cha ramani za jengo, na kuna leseni ya mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Tangazo lenu ni la hicho cha kwanza. Kwa hivyo ukijaza barua kwa malalamiko ya vumbi la ujenzi, afisa ataisoma na kuiweka kando, kwa sababu bado hakuna jengo lililoombwa. Hoja zenu sasa ziwe kuhusu matumizi yenyewe: je, mtaa huu unaweza kubeba ofisi na mkahawa?

Barua ielekezwe kwa afisa mkuu anayesimamia mipango miji, City Hall, makao ya kaunti. Kichwa cha barua kitaje namba ya LR, jina la barabara, mabadiliko yanayoombwa na tarehe ya tangazo. Aya ya kwanza iseme wewe ni nani na ploti yako iko umbali gani kutoka hapo. Toa nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa na mhuri wa kupokelewa, tarehe na jina la aliyeipokea. Tuma na barua pepe siku hiyo hiyo, lakini ile yenye mhuri ndiyo itakayokusaidia baadaye.

Sasa hoja zenyewe. Kwenu ningeanza na majitaka, na ningeyapa nafasi kubwa kuliko yote. Nyumba ya watu sita hutoa kama lita 700 hadi 900 kwa siku. Chukueni ofisi yenye wafanyakazi 80, kila mmoja lita 40 hivi: hizo ni lita 3,200. Ongezeni mkahawa wa sahani 150 kwa siku, kila sahani lita 25 hadi 30 ukihesabu kupika, kuosha vyombo na vyoo vya wateja. Hapo mnapata takriban lita 4,000 nyingine. Jumla inapita lita 7,000, mara nane ya ile nyumba. Ni makadirio, na ripoti ya mwombaji itakuwa na idadi yake ya watu, basi rudieni hesabu kwa idadi hiyo.

Lita 7,000 zinaenda wapi kila siku pale ambapo hakuna bomba? Upande wa Lavington udongo ni mwekundu na hunywa maji vizuri kuliko ule mweusi wa mashariki mwa jiji, lakini shimo la kufyonza lina kikomo chake. Mafuta ya jikoni yakipita bila mtego wa mafuta hutengeneza utando kwenye kuta za shimo, udongo unaacha kunywa, na maji yanatafuta njia kwenda ploti iliyo chini. Njia nyingine ni lori la kunyonya majitaka. Lori la lita 10,000 lingehitajika karibu kila siku, kwenye barabara ya mita tano na nusu isiyotokea. Afisa akiona hesabu hiyo imeandikwa, hawezi kuijibu kwa sentensi moja. Ombeni mwombaji aonyeshe barua ya kampuni ya maji na majitaka ya Nairobi inayosema kama kuna bomba na kama lina nafasi.

Kuhusu barabara, msipime lami peke yake. Kinachohesabika ni upana wa hifadhi ya barabara, kutoka bikoni (alama ya mpaka ya wapima ardhi) ya upande mmoja hadi bikoni ya upande wa pili. Upana huo unasomeka kwenye ramani ya upimaji iliyoambatishwa na hatimiliki zenu wenyewe. Andikeni vyote viwili, hifadhi na lami, kisha mwonyeshe gari kubwa litageukia wapi. Ikiwa lori la taka hulazimika kurudi nyuma hadi barabara kuu, pigeni picha siku ya taka.

Kelele nazo zina namba. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba mchana katika eneo la makazi. Eneo la makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani ni 55, na eneo la biashara ni 60. Usiku kote ni 35, na usiku huanza saa mbili jioni. Maana yake ni kwamba mtaa ukianza kuhesabiwa kuwa wa biashara, kelele ambayo leo ni kosa mchana inaweza kuwa halali. Semeni hivyo wazi.

Mwisho, ukanda. Katika mwongozo wa kanda za Nairobi wa mwaka 2004, Lavington iko ukanda wa 5 pamoja na Loresho na Kyuna, ukanda wa nyumba za familia moja. Thibitisheni City Hall ploti hiyo hasa iko ukanda gani leo, kwa sababu mipaka ya kanda hupita katikati ya mitaa. Someni pia mpango mkuu wa jiji, NIUPLAN, wa 2014 hadi 2030.

Acheni nje ya barua: bei ya nyumba kushuka, "watu tusiowajua", miaka mliyoishi hapo, na hofu ya ushindani wa biashara. Hayo yote ni ya kweli moyoni, lakini hayapimwi na afisa wa mipango.

---

Wakili_wa_Ardhi

Naongezea upande wa sheria, maana hapa ndipo wakaazi wengi hupoteza kesi nzuri.

Msikimbilie kortini kesho. Sheria hiyo ya 2019 imeweka ngazi, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi huwarudisha watu walioziruka. Kwanza pingamizi kwa kaunti. Kaunti ikitoa uamuzi msioukubali, mhusika yeyote aliyeathirika, si mwombaji pekee, anaweza kukata rufaa kwa kamati ya Liaison ya kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Kamati nayo imepewa siku 14 kusikiliza na kuamua. Asiyeridhika hapo ndipo aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hayo yako kifungu cha 61.

Tatizo ni hili: siku 14 za rufaa zinahesabiwa tangu uamuzi utolewe, na hakuna anayekuja kugonga geti lako kukuambia kuwa umetolewa. Jirani anakuja kujua siku trakta inapoingia, miezi mitatu baadaye. Kwa hivyo aya ya mwisho ya barua yenu iombe mambo mawili kwa maandishi: mjulishwe tarehe ya kikao kitakachojadili ombi, na mpewe nakala ya uamuzi siku utakapotolewa. Mteueni mtu mmoja wa kwenda kuuliza ofisini kila wiki, akiandika tarehe na jina la aliyemjibu. Ikiwa baadaye mtaomba kuongezewa muda, daftari hilo ndilo ushahidi kwamba hamkulala.

Jambo jingine la muda: mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria inachukulia kwamba ameruhusiwa. Kimya cha kaunti si ushindi wenu. Siku ya 40 hivi pelekeni barua fupi ya kuulizia uamuzi, mkiambatisha nakala ya pingamizi lenye mhuri.

Ombeni faili pia. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinawapa haki ya kuona stakabadhi, na ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ombeni kwa majina: ripoti ya mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa, ramani ya mahali, tathmini ya msongamano wa magari kama ipo, na maoni ya idara zilizoulizwa. Ukiandika tu "tunataka habari zote" utajibiwa kwa mistari miwili. Na kwa kuwa siku 21 ni nyingi kuliko siku zenu 14, msingoje faili ndipo mwandike pingamizi. Pelekeni pingamizi sasa, mkisema mnahifadhi haki ya kuongeza hoja mkishaona ripoti.

Kisha fanyeni upekuzi wa hatimiliki ya ploti hiyo kwenye ArdhiSasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni wa serikali, au kwa msajili wa ardhi. Ploti nyingi za mitaa hii ni za kukodishwa na serikali, na hati ya ukodishaji huwa na masharti maalumu, mara nyingi kwamba pajengwe nyumba moja ya kuishi na si kitu kingine. Ikiwa sharti hilo lipo, kibali cha kaunti peke yake hakilifuti. Lazima masharti ya hati yenyewe yabadilishwe. Mtaa ukiwa ulitokana na shamba moja lililogawanywa, angalieni pia kama wanunuzi wa kwanza waliwekeana masharti na kuyasajili kwenye hati.

NEMA ni mlango tofauti. Mradi ukihitaji tathmini ya mazingira, nanyi mtakuwa na nafasi ya kutoa maoni, na leseni ikitolewa mnaweza kukata rufaa kwa jopo la mazingira, NET, ndani ya siku 60. Pelekeni rufaa mapema na mwombe amri ya kudumisha hali ilivyo. Jengo likishafika ghorofa ya tatu, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

---

Katibu_wa_Chama

Nakubaliana na Mipango_Miji kuhusu hoja, ila kuhusu saini nina neno. Karatasi ya majina 200 bila anwani kweli haina uzito, hasa majina mengine yakitoka mitaa ya mbali. Lakini barua 15 tofauti kutoka ploti 15 za barabara moja zina uzito mkubwa, mradi zisiwe nakala ya barua moja iliyobadilishwa jina. Gawaneni hoja. Aliye chini ya ploti hiyo kwa mteremko aandike kuhusu majitaka. Anayetazamana na geti aandike kuhusu magari. Mwenye shule ya chekechea aandike saa za kushusha na kuchukua watoto, na idadi ya magari saa hizo. Anayepakana ukuta kwa ukuta aandike kuhusu jiko, moshi na jenereta. Chama kiandike barua ya jumla kikiambatisha kumbukumbu za mkutano ulioidhinisha pingamizi.

Wapangaji nao waandike. Wengi hudhani ni mwenye hatimiliki tu anayeruhusiwa, kumbe anayeishi hapo ndiye atakayeamshwa na friza za mkahawa saa kumi alfajiri. Kwa masuala ya mazingira, kifungu cha 70 cha Katiba hakimtaki mlalamishi athibitishe kwamba yeye binafsi amepata hasara.

Hesabu ya magari fanyeni wenyewe. Watu wawili wakae kwenye makutano saa moja hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi hadi saa moja jioni, Jumanne na Alhamisi wakati shule zimefunguliwa. Waandike kila dakika 15: magari, pikipiki, malori, wanaotembea kwa miguu. Jumatatu na Ijumaa haziaminiki kwa hesabu hii. Jedwali la ukurasa mmoja linatosha, na litawafaa sana ikiwa ripoti ya mwombaji imetumia hesabu za wiki ya likizo.

MCA mwandikieni nakala, lakini msimngoje. Yeye hatoi kibali.

Na hili najua halitampendeza kila mtu: amueni mapema mtakubali nini mkishindwa kuzuia. Kaunti ina uwezo wa kuidhinisha kwa masharti, na wakaazi wasiopendekeza masharti hupewa yale ya kawaida yasiyosaidia mtu. Kwa ploti kama hiyo ningeorodhesha: ofisi pekee bila mkahawa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hakuna pombe, hakuna muziki nje, maegesho yote ndani ya ploti, mtego wa mafuta na mtambo wa kusafisha majitaka uliokaguliwa kabla ya kufunguliwa, jenereta upande wa mbali na nyumba za watu, na miti ya mpakani isikatwe. Yaandikwe katika barua tofauti baada ya pingamizi, ili yasisomeke kama mmeshakubali.

Ahadi za mdomo za mwenye ploti msizihesabu. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, akauza mwaka ujao, na mnunuzi hafungwi na mazungumzo ya chai. Kinachomfunga ni sharti lililo ndani ya kibali.

Kuhusu pombe, kumbukeni hiyo chekechea. Sheria ya vileo ya 2010 inakataza leseni ya kuuza pombe ndani ya mita 300 kutoka shule za watoto. Pimeni umbali huo mapema, ili "mkahawa" usije ukageuka baa kwa leseni ya pili.

---

Mkaazi_Lavington

Asanteni sana, nimenakili yote na kuyapeleka kwa wenzangu. Tumegawana barua kama Katibu alivyosema. Maswali mawili yamebaki. Leo asubuhi wamezungusha mabati na kuna watu wanavunja ukuta wa ndani wa nyumba ya zamani, ilhali siku 14 hazijaisha. Je, tunaweza kusimamisha? Na la pili, mwombaji anasema ploti mbili kwenye kona ya barabara kuu tayari ni ofisi, kwa hivyo mtaa "umeshabadilika".

---

Wakili_wa_Ardhi

Kuendeleza ardhi bila kibali ni kosa chini ya kifungu cha 57 cha ile Sheria ya Mipango ya 2019: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Lakini kwanza hakikisheni mnachokiona. Ukarabati mdogo wa ndani si sawa na kubomoa au kujenga. Pigeni picha kutoka barabarani zenye tarehe, msiingie ndani ya ploti, na msigombane na mafundi. Angalieni kama kuna ubao wa mradi, na kama umeandikwa namba ya kibali cha kaunti, usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi na leseni ya NEMA.

Ubao usipokuwepo, andikieni kaunti barua ya leo leo mkiomba itoe notisi ya utekelezaji chini ya kifungu cha 72, nakala iende NEMA na Mamlaka ya Ujenzi. Ombeni ukaguzi, halafu mwombe nakala ya ripoti ya mkaguzi. Barua hiyo isichanganywe na pingamizi la kubadilisha matumizi. Zikiwa kwenye bahasha moja, moja itapotelea ndani ya faili ya nyingine.

---

Mipango_Miji

Hoja ya "mtaa umeshabadilika" ndiyo inayowashinda wakaazi wengi, kwa sababu wanaikanusha bila ushahidi. Nendeni mkaulize kaunti kama zile ploti mbili za kona zilipewa kibali, lini, na kwa matumizi gani. Nyingi ni ofisi zilizoingia kimyakimya ndani ya nyumba za makazi. Matumizi yasiyo na kibali hayawezi kuwa msingi wa kutoa kibali kingine. Ikiwa zina vibali halali, basi onyesheni tofauti: zina geti linalofungukia barabara kuu, pengine na bomba la majitaka, wakati ploti hii iko ndani ya barabara isiyotokea. Choreni ramani ya ukurasa mmoja ya barabara nzima, kila ploti na matumizi yake ya leo, rangi moja ya makazi na nyingine ya biashara. Ikiwa ploti 20 kati ya 22 bado ni nyumba za kuishi, afisa ataliona hilo kwa mtazamo mmoja.

Pingamizi hili likiisha, vyovyote litakavyokwenda, anzeni kuidai kaunti mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo lenu. Wakaazi wa Karen na Lang'ata wameifuata njia hiyo kwa miaka mingi kupitia chama chao. Bila mpango wa eneo ulioidhinishwa, kila ploti inajadiliwa peke yake, na mtakuwa mnasoma matangazo ya gazeti kila Jumatatu.

Hizo barua za majitaka na magari zipelekeni City Hall kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo foleni ya kaunta ya mapokezi huwa ndefu, na mhuri wa Jumatatu utakuwa umewala siku tatu.